Upole wa Bigeli Unamponza

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mwanamume mmoja alibisha langoni kwangu akiwa amempakata mbwa. Hakuwa mgeni kabisa. Anaishi safu ya tatu kutoka kwetu, na watoto wetu hupanda basi moja la shule. "Mama Neema, nimeambiwa wewe unawajua hawa," alisema. "Mchukue huyu. Bure. Hata kibanda chake nitakuletea." Mbwa mwenyewe alikuwa wa miezi kumi, mgongo mweusi, kichwa cha kahawia, miguu myeupe, masikio yamening'inia hadi usawa wa taya. Alininusa kiganja, akanilamba, kisha akafumba macho mikononi mwa mtu aliyekuja kumtoa.

Huyo ni wa tatu ndani ya miaka miwili. Mtaani kwetu hapa Ruiru nimekuwa ndiye wa kuletewa bigeli walioshindikana, kwa sababu nimefuga mmoja kwa miaka minane na tungali pamoja. Wanaokuja huja na malalamiko yaleyale: analia, anachimba, anatoroka, anakula kila kitu, hafukuzi mwizi. Baba Imani, huyo wa Jumamosi, aliongeza lake: "Nilimnunulia kijana siku yake ya kuzaliwa. Waliniambia ni mbwa mpole, mbwa wa watoto."

Walimwambia kweli. Bigeli ni mpole kuliko mbwa wengi ninaowajua. Lakini neno hilo, mpole, limegeuka kuwa ruhusa. Mbwa mkali tunamheshimu: tunamjengea vizuri, tunamlisha kwa saa, tunamsogelea kwa adabu. Mpole tunamfanyia tutakavyo kwa kuwa tunajua hatatuuma. Hilo ndilo linaloniuma mimi, na nimeona niliseme sasa, kabla msimu wa Krismasi na zawadi zake haujatufikia.

Kwa asiyemfahamu, bigeli ni mbwa mdogo wa kuwinda sungura, asili yake Uingereza. Begani hufika sentimita 33 hadi 40, na mwenye afya huwa na kilo 10 hadi 14 hivi. Jina lake la Kiingereza ndilo ililopewa meli Beagle iliyomzungusha Charles Darwin duniani kuanzia 1831 hadi 1836. Snoopy, mbwa wa vibonzo vya Charles Schulz vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1950, ni bigeli. Wengi wetu basi tulimpenda kwenye karatasi kabla ya kumwona kwa macho.

Mbwa wa kweli alitengenezwa na watu waliojua wanachokitaka. Katika miaka ya 1830 kasisi mmoja wa Essex, Phillip Honeywood, alikusanya kundi ambalo bigeli wa leo wanahesabiwa kuwa wametokana nalo kwa sehemu kubwa. Wawindaji wa sungura hawakupanda farasi kama wale wa mbweha. Walimfuata mbwa kwa miguu, wakiachwa nyuma shamba zima au mawili, na mbwa mwenyewe amefichwa na nyasi. Mtu wa namna hiyo anahitaji mbwa atakayepiga mbiu njia nzima, ili ajulikane alipo. Ile sauti ndefu ya bigeli, inayopanda na kushuka kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, ni taarifa: nimeipata harufu, nifuateni. Ncha nyeupe ya mkia nayo ni bendera ya kuonekana juu ya nyasi.

Walihitaji pia mbwa ambaye pua yake ikishashika njia haiiachi. Katikati ya karne iliyopita, watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walimwachilia panya mmoja katika uwanja wa ekari moja, kisha wakaingiza mbwa wa jamii mbalimbali. Bigeli walimpata kwa takriban dakika moja. Mbwa wa jamii nyingine ya kuwinda walihangaika robo saa. Sasa, mbwa anayeinua kichwa kila anapoitwa angempoteza sungura, kwa hiyo aliyezalishwa kizazi baada ya kizazi ni yule asiyeinua. Nikimsikia mtu akisema bigeli wake ni mkaidi au mjinga, humwambia amtazame anapoitwa akiwa ameinamisha pua. Masikio yapo, ila wakati huo yamefungwa.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Hawa waliishi makumi kwa makumi katika banda moja, wakala pamoja, wakalala wamelaliana. Mgomvi aliondolewa. Waliobaki ni wale wasioweza kumchukia mbwa mgeni wala mtu mgeni, na wasioweza kukaa peke yao. Upole na woga wa upweke vimefumwa kwa uzi mmoja. Huwezi kununua kimoja ukakiacha kingine dukani.

Mchukue mbwa huyo sasa umlete Ruiru, au Syokimau, au Mbezi. Sisi tuna mazoea yetu ya kufuga: kibao cha "Mbwa Kali" langoni, kibanda cha mbao na mabati kando ya tangi la maji, mbwa anafungiwa alfajiri na kufunguliwa usiku watu wakishalala, na jioni anasukumiwa sufuria ya ugali na matumbo. Siyadharau mazoea hayo. Yamelinda nyumba nyingi, na wapo mbwa wanaoyaweza. Bigeli hayawezi. Kwake kibanda ni kifungo cha upweke, na mwizi akija saa nane usiku atapokelewa kwa mkia.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Karanga aliingia kwetu akiwa na wiki tisa, na binti yangu alimpa jina hilo kwa doa la kahawia alilonalo mgongoni. Mimi na baba yake tulikuwa tukitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla Thika Road haijafunga, na kurudi saa mbili usiku. Dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani aliogopa mbwa, kwa hiyo Karanga alifungwa kamba nyuma ya nyumba, penye kivuli, na bakuli la maji. Nilijiona mwema kwa ajili ya kile kivuli. Miezi mitano ilipita hivyo. Jirani alinieleza kwa upole kwamba mbwa wangu hulia kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, akapumzika kidogo, akaanza tena. Nilimwomba radhi nikadhani mbwa atazoea.

Alichozoea ni kujilamba. Alijilamba miguu ya mbele hadi manyoya yakatoka na ngozi ikachubuka ikawa inatoa maji. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nikiwa na hakika ni upele. Daktari alikwaruza ngozi, akaitazama kwa hadubini, hakuona mdudu. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa daktari: "Mchana huwa na nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Tuliyoyabadilisha baada ya hapo yalitugharimu muda kuliko fedha. Baba Neema aliomba zamu ya jioni, mimi nikabaki na ya asubuhi, ili nyumba isikae tupu zaidi ya saa tatu au nne. Tulimruhusu kulala ndani. Tulichukua mbwa wa pili kutoka kituo cha KSPCA, shirika la kuwatetea wanyama lililo Nairobi: jike wa kienyeji, mwembamba, mwenye busara zake. Wawili hao walilala wamebanana tangu usiku wa kwanza. Na kila siku Karanga alitolewa kwa kamba, si kukimbizwa, ila kuachwa anuse. Wapita njia hunishangaa nikiwa nimesimama dakika tano kando ya mtaro huku mbwa akikagua fungu moja la majani. Nimejifunza kwamba nusu saa ya namna hiyo humtuliza kuliko saa nzima ya mbio. Miguu yake ilipona kabla ya mwezi kwisha, bila dawa yoyote ila mafuta ya kulainisha ngozi.

Kamba haiachwi, hata kwa mbwa aliyelelewa vizuri. Nasema hivyo baada ya Karanga kupita chini ya michongoma jioni moja akifuata nguchiro. Siku mbili tulizunguka tukimwita. Aliyempata ni mfanyakazi wa shamba la kahawa, na alimpata kwa ile sauti iliyokuwa ikiwachosha majirani. Alikuwa amejikwamisha kwenye waya karibu na kijito, bado anatangaza.

Nyuma ya nyumba yangu hapakuwa mahali pabaya kuliko pote ambapo upole umemfikisha mbwa huyu. Maabara za Ulaya na Marekani zilimchagua bigeli tangu zamani, na sababu zake hazikufichwa: ni mdogo, hukaa vizuri katika makundi, na akiumizwa leo kesho atakuja tena mkia ukitikisika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwalisha bigeli stronshiamu yenye mnururisho ili kujua masalia ya mabomu ya nyuklia yangewafanya nini binadamu. Mwaka 1975 mwandishi wa habari wa Uingereza, Mary Beith, aliingia kufanya kazi katika maabara ya kampuni ya ICI bila kujitambulisha, akatoka na picha zilizochapishwa na gazeti la Sunday People: bigeli wamepangwa safu, wamefungwa wasigeuke, midomo imevishwa barakoa, wanavutishwa sigara. Nchi nzima ilishtuka.

Na si habari ya zamani tu. Mwaka 2022 karibu bigeli 4,000 walitolewa katika shamba moja la Cumberland, Virginia, lililokuwa likizalisha mbwa wa maabara, wakagawiwa kwa familia. Mwaka 2024 kampuni iliyolimiliki ilikiri makosa mahakamani na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 35. Nilipoiona picha ya mmoja wao akiwa amesimama kwenye majani, mguu mmoja ameuinua hajui auweke wapi, nilimkumbuka Karanga na kamba yake.

Suala la kujaribia dawa kwa wanyama lina mjadala mrefu, na wapo madaktari waungwana pande zote mbili. Ninachokitazama hapa ni ile sababu ya kuchaguliwa. Mpole, mvumilivu, hana kinyongo. Ndiyo maneno aliyoambiwa Baba Imani alipokuwa akitoa fedha zake. Mnyonge hana haki, walisema wazee, wakilalamika juu ya watu. Sioni kwa nini malalamiko hayo yaishie kwa watu.

Hata Ikulu bigeli hakupona. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani, aliyekuwa na bigeli wawili walioitwa Him na Her, alimwinua mmoja kwa masikio mbele ya wapiga picha. Mbwa alipiga yowe, na barua za hasira zikamiminika. Johnson alikuwa mtu mzima na rais. Mtoto wa miaka minne atafanya hivyohivyo asipofundishwa, kwa sababu masikio yale yameumbwa kama ya kushikwa. Kwetu tuna sheria moja ambayo hata wageni huisikia mlangoni: mbwa akienda chini ya meza, hafuatwi. Hapo pake. Bigeli atavumilia kuvutwa mara kumi, lakini kuvumilia si kupenda, na mara ya kumi na moja haina ahadi. Kwa sababu hiyohiyo mpole naye huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kukosa. Mtoto akikwaruzwa au kuumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Masikio yenyewe yanataka kazi. Yamefunika, hayapiti hewa, na katika joto letu huota ukungu haraka. Mimi huyafungua kila Jumapili, huyanusa, huyafuta kwa pamba na dawa ya daktari, bila kuingiza kijiti ndani. Kupe hupenda kujificha kwenye mikunjo hiyo. Homa ya kupe huanza kwa mbwa kukataa chakula, na bigeli anayekataa chakula ni wa kukimbizwa kwa daktari, maana hilo halimtokei akiwa mzima.

Hawa wanapenda chakula kwa namna inayotisha. Karanga aliwahi kufika kilo 19, na kosa lilikuwa letu sote: Neema na kona za chapati yake, dada na mandazi ya asubuhi, mimi na huruma iliyonibaki kwa ile miezi mitano. Mgongo mrefu kiasi uliobeba mafuta huumia diski, na mbwa hushindwa kuruka hata ngazi moja. Ilituchukua karibu mwaka kumrudisha kilo 13, kwa chakula kinachopimwa kwenye mizani ya jikoni. Kuhusu sumu, chokoleti, vitunguu na zabibu havipewi mbwa hata kwa kuonja, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande kama sindano. Pipa la taka liwe na kifuniko cha kubana.

Uchu huohuo ukipewa kazi ni neema. Mwaka niliokwenda kumwona dada yangu Marekani, tulikuwa tumepanga foleni ya mizigo uwanja wa Dulles, karibu na Washington, bigeli mmoja mwenye koti dogo akapita kati yetu. Hakuna aliyerudi nyuma, hata mabibi wawili wa kwetu ambao nyumbani wangevuka barabara kumkwepa mbwa. Alifika kwenye begi la mzee mmoja, akanusa, akaketi. Kuketi ndiyo lugha yake. Ndani mlikuwa na maembe. Afisa akampa kipande cha biskuti, na mbwa akaendelea na safari yake kama mtu aliyetia sahihi karatasi. Kazi hiyo ilianzia uwanja wa ndege wa Los Angeles mwaka 1984, kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea na mifugo yasiingie na vyakula vya wasafiri. Walimchagua bigeli kwa pua, kwa tumbo, na kwa kuwa hamtishi mtu. Nilisimama pale nikifikiri kwamba hapa angalau upole wake umelipwa kwa wema: ana mwenzake wa kazi, ana jambo la kutafuta kutwa nzima, na akilipata anashukuriwa. Ndiyo maana niliporudi nyumbani nilianza kumfichia Karanga punje za chakula chake ndani ya magunia makuukuu. Huzitafuta saa nzima.

Kuna majirani pia. Ukuta wa kushoto kwetu ni wa familia ya Kiislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa asiyejua mgeni na anayemkimbilia kila mtu kumsalimu ni mzigo kwa watu wa namna hiyo, hasa akitoroka wakati wanaelekea msikitini na kanzu zao. Mapenzi yangu kwa mbwa hayawezi kuwa kero ya ibada ya mwenzangu. Tuliongeza mawe chini ya ua, lango likawekwa komeo la pili, na jirani huyo ndiye hunipigia simu akisikia sauti mahali isipopaswa kutoka.

Niliyaeleza mengi ya haya kwa Baba Imani tukiwa tumeketi barazani, mbwa akiwa amelala juu ya kiatu chake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, husema wahenga, na mzazi anayenunua mbwa ili mtoto anyamaze huwa anawaza siku ile tu. Bigeli huishi miaka 12 hadi 15. Imani ana miaka 12. Januari ijayo ataondoka kwenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha maisha. Mbwa wa mtoto, katika nchi inayowapeleka watoto bweni, ni mbwa wa wazazi tangu siku ya kwanza, na mzazi asiyemtaka kwa nafsi yake asimnunue. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Kama nyumba hukaa tupu kuanzia alfajiri hadi usiku, hakuna umri wa mtoto wala ukubwa wa ua utakaofanya bigeli afae. Wapo mbwa wa kienyeji wazima, wenye akili, katika vituo vya kuhifadhia wanyama, wanaoweza kukaa uani na kulinda lango. Anayetaka mlinzi na aanzie huko.

Nilimuuliza swali la daktari. Mchana huwa na nani?

Alifikiri. Akasema mama yake amehamia kwao tangu Aprili, baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na ameambiwa na daktari atembee kidogo kila siku lakini hataki kutoka peke yake. Mama hapendi mbwa. Ila mbwa humfuata jikoni, na juzi alimkuta mama akimsemesha Kikuyu.

Sikumchukua yule mbwa. Nilimwazima kamba ya Karanga ya zamani, ile ndefu, nikamwonyesha namna ya kumfunga kifuani badala ya shingoni ili asijinyonge akivuta. Nikamwambia kama baada ya mwezi bado mambo ni yaleyale, amlete, nitampokea na kumtafutia watu.

Jumatano usiku alinipigia simu. Alitaka kujua kikombe kimoja cha chakula kikavu kina gramu ngapi, na kama ni kweli zabibu ni sumu, kwa sababu mama alikuwa amemwekea kidogo kwenye sahani.

Nilimwambia aiondoe sahani kwanza, ndipo tuendelee kuzungumza.